Namasagali ilikuwa bandari kweli? Na watu wake walienda wapi?

Mjukuu wa Serahangi

Habari zenu jamani, wana Busoga na wengine wote. Nauliza kuhusu Namasagali, ile ya wilaya ya Kamuli, maana kila nikiuliza watu wa rika langu wananijibu shule, shule, Father Grimes aliyekuwa mkuu wake, basi. Mi sitafuti shule. Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye stima za pale, alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, mtu wa pwani ya Kenya aliyeletwa na kazi akaoa mwanamke wa Kisoga akabaki, na mama kazaliwa hapo hapo kwenye kotasi za reli. Nyumbani kwetu Jinja tumekua na Kiswahili, Lusoga tumekipata mtaani na shuleni, na majirani walikuwa wakituita watu wa stima na mimi stima sijawahi kuiona hata moja.

Juzi nilikuwa na msiba upande wa Kamuli nikasema ngoja nifike. Nimekuta mto mpana, mafunjo, mitumbwi ya wavuvi, majengo ya zamani yale ambayo ukiyaangalia tu unajua hayakujengwa na mwanakijiji, na mabanda mawili matatu ya chapati. Mama anasema enzi zake kulikuwa na Wahindi wenye maduka, Wagoa makarani wa reli, Wajaluo, Waluhya, Wanubi, Wateso, Walango, kila mtu, na Ijumaa msikiti unajaa. Sasa najiuliza mambo matatu: nani aliona akili kuweka bandari katikati ya nchi namna ile, nini kiliiua, na hao watu wote walikwenda wapi? Mama alikuwa mdogo walipohama, anachokumbuka ni maji kuingia uani na kuku kuwekwa juu ya paa, hapo ndo mwisho wa kumbukumbu. Mwenye kujua anisaidie.

Mwalimu wa Bugabula

Kodheyo mjukuu wetu, umerudi nyumbani. Nimefundisha historia Kamuli miaka mingi na hili swali nilikuwa nawaulizia wanafunzi, wengi walikuwa hawajui kwamba wilaya yao iliwahi kuwa njia ya kwenda Kongo na Sudani.

Shika ramani. Mto Nile ukitoka Ziwa Victoria pale Jinja haupitiki kwa chombo, ni maporomoko juu ya maporomoko, Ripon, Owen, Bujagali, Kalagala, Itanda (baadhi sasa yamezama chini ya mabwawa, lakini wakati ule yalikuwa yananguruma yote). Ukishuka mpaka Kakindu na Namasagali maji yanatulia, unaweza kuteleza mpaka Ziwa Kyoga, ukalivuka, ukafika Masindi Port bila jiwe. Baada ya hapo tena taabu, maporomoko ya Karuma, halafu Murchison. Kwa hiyo Waingereza walichofanya ni kushona vipande: pale mto unapokataa weka reli au barabara, pale unapokubali weka stima. Churchill alipita huku 1907 akiwa waziri mdogo wa makoloni, alitoka Jinja kwa nchi kavu mpaka Kakindu akapanda mitumbwi kwenda Kyoga, na aliporudi kwao akawa anapigia debe reli. Mwaka 1912 Reli ya Busoga ikafunguliwa, maili 60 hivi kutoka Jinja, na mwisho wake ndo hapo Namasagali penu.

Na usidhani ilijengwa kwa ajili ya watalii. Ni pamba. Pamba ilianza kusambazwa Uganda 1903 na 1904, na baada ya miaka michache Busoga, Teso na Lango kote watu wanalima, machifu wanasimamia, kodi inadaiwa kwa pesa na pesa iko kwenye pamba. Sasa marobota yatoke Lango yafike Mombasa vipi? Stima na matishari vinayakusanya kwenye vijibandari vya Kyoga, vinashusha Namasagali, reli inapeleka Jinja, pale yanapakiwa tena kwenye meli ya Ziwa Victoria mpaka Kisumu, halafu reli tena mpaka Mombasa. Hesabu mwenyewe robota moja lilibebwa mgongoni mara ngapi. Ndo maana makuli walikuwa wengi kuliko wenyeji, na ndo maana lugha ya gati ikawa Kiswahili, maana mtu wa Lango na Mjaluo na Mgoa wangeelewana kwa nini kingine? Leo serikali inatafuta walimu wa Kiswahili kwa tochi, pale kilikuwa kinasemwa bure.

Kaka Kampala

Fupi tu: Amin. Alifukuza Wahindi 1972, reli ikafa, bandari zikafa, Namasagali ikafa. Hakuna siri hapo, ni story ya kila mji mdogo wa Uganda.

Binti Mbulamuti

Kaka Kampala taratibu ssebo, kila kitu Amin! Amin alichukua nchi Januari 1971, wakati huo bandari ya Namasagali ilishafungwa karibu miaka kumi na watoto wa watu wanasoma sekondari kwenye majengo ya reli. Mimi ni wa Mbulamuti, hapo hapo njiani, bibi yangu aliuza ndizi na mahindi ya kuchoma pale stesheni kwa hiyo hizi hadithi nimenyonya nazo.

Mwalimu kaeleza kuanza, mi nieleze kuanguka maana kwetu ndo kulianza. Reli kutoka Kenya haikubaki Kisumu, ilipita Nakuru, Eldoret, Tororo, na 1928 ikaja kuungana na Reli ya Busoga kwetu Mbulamuti. Sisi tukawa jankshen! Siku hiyo robota likaacha kuvuka Ziwa Victoria, linapanda behewa kwetu linateremka Mombasa. Ukisikia hivyo unadhani Namasagali ilifurahi, na kwa muda kweli ilifurahi, lakini mwaka uliofuata, 1929, reli nyingine kutoka Tororo ikapita Mbale ikafika Soroti. Sasa Mteso ana reli mlangoni, atapakia stima ya nini? Bandari za upande ule kama Bugondo zikaanza kusinzia na mzigo wa Namasagali ukapungua. 1931 daraja la Jinja likakamilika treni zikaenda moja kwa moja Kampala, basi, tawi la Namasagali likawa tawi kweli, si njia kuu tena.

Kwa hiyo mji ulikuwa na homa tangu zamani. Watu wa nje wakiona picha ya mafuriko wanasema maji, maji. Maji yalimkuta mgonjwa kitandani.

Mjukuu wa Serahangi

Duh, sasa naanza kuona picha. Lakini dada Binti, kama mzigo ulipungua 1929, mbona babu aliajiriwa pale baada ya vita ya pili ya dunia? Mama kazaliwa miaka ya hamsini. Na anavyosimulia haukuwa mji wa kufa, kulikuwa na sinema ya kuletwa na gari, mpira wa timu ya reli, Idd watu wanatoka Kamuli kuja kula pilau kwao.

Wa Masindi Port

Ngoja nijibu hilo kutoka upande wa pili wa maji maana mmetusahau kabisa, mnazungumza kama stima zilikuwa zinakwenda kugeuza tu ziwani. Zilikuwa zinakuja kwetu! Masindi Port si Masindi, watu wa Kampala mnachanganya, Masindi iko juu huko, sisi tuko kwenye mto, ng'ambo yetu Lango.

Pamba ya Teso ilihama sawa, lakini safari ndefu ilibaki. Mtu au mzigo unaokwenda West Nile, Kongo ya Wabelgiji au Sudani ulipita hivi: Namasagali kwa stima mpaka kwetu, kwetu kwa lori au basi la reli mpaka Masindi mjini na kuteremka ule ukingo mkali mpaka Butiaba kwenye Ziwa Albert, Butiaba kwa meli kwenda Mahagi upande wa Kongo au kushuka mto mpaka Nimule. Mashine za migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto zilipita hapa. Hoteli ya Masindi ilijengwa na shirika la reli miaka ya ishirini kwa ajili ya abiria wa hii njia, bado ipo, na Mmarekani yule Hemingway alipita pale Januari 1954 baada ya ndege mbili kuanguka naye mfululizo, ya kwanza karibu na Murchison, ya pili ikiwa inaruka kutoka Butiaba. Sisi watoto wa huku tunaambiwa kila mzungu aliyewahi kuwa maarufu alikunywa chai Masindi, nusu naamini.

Stima zenyewe kwenye Kyoga zilikuwa na majina ya wasafiri, Speke, Stanley, Grant. Kyoga ni ziwa la kina kidogo sana, limejaa mayungiyungi na mafunjo, meli ya kawaida ingekwama, kwa hiyo walileta vyombo vya tumbo bapa vyenye gurudumu kubwa nyuma linalopiga maji. Mzee wangu alisema unalisikia kabla hujaliona. Na kazi ya serahangi haikuwa ndogo mjukuu, njia ndani ya mafunjo inahama, visiwa vya nyasi vinaelea, jana palikuwa wazi leo pamefunga, lazima mtu asome maji. Babu yako alikuwa chombo gani? Kama mama anakumbuka jina sema, kuna wazee huku bado wanawataja.

Mtoto wa Reli Tororo

Nimesoma yote nimefurahi, ila naona bado mnazunguka penyewe. Baba yangu alikuwa East African Railways and Harbours, lile shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, kwetu jikoni hizi ndo zilikuwa stori badala ya siasa.

Maji yalikuja kweli. Mvua za mwisho wa 1961 na 1962 hazikuwa mvua za kawaida, Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, na bwawa la Owen Falls (Nalubaale siku hizi) likawa linaachia maji mengi kuliko zamani, yote yanashuka Kyoga. Gati za Kyoga zikazama, Namasagali ikafungwa mwaka ule ule wa uhuru, 1962. Butiaba nayo ikapigwa, ile meli kubwa ya Ziwa Albert, Robert Coryndon, ikazama pale pale bandarini 1964. Hapo mama mjukuu hakosei, kuku juu ya paa naamini kabisa.

Lakini jiulizeni swali la pili. Port Bell ilipata maji, Jinja gati ilipata maji, Kisumu ilipata maji. Huko walinyanyua gati wakaendelea. Mbona Namasagali hawakunyanyua? Kwa sababu wakati huo huo shirika lilikuwa linatandika mataruma kutoka Soroti kwenda Lira, Gulu, mpaka Pakwach, na 1964 treni ikafika Pakwach ukingoni mwa Nile. Sasa mzigo wa West Nile unatoka Mombasa hadi Pakwach haujashuka kwenye behewa hata mara moja, nani atarudi kulipa stima, makuli, malori ya Masindi, halafu meli nyingine Butiaba? Mkurugenzi pale Nairobi akiangalia karatasi anaona pesa ya kujenga gati upya upande huu na reli mpya upande ule, huyo hata kalamu haimtetemeki. Maji yalifunga mlango, reli ya Pakwach ikaondoa na ufunguo. Bila Pakwach mi nasema wangerudi, hata kama ni kidogo kidogo.

Na cha kuchekesha, hiyo reli ya Pakwach nayo ikaja kukaa miaka na miaka nyasi zimeota juu. Waliohama walihamishwa kwa ajili ya kitu ambacho nacho hakikudumu.

Kaka Kampala

Haya Amin hayupo 1962 lakini bado nasisitiza, reli iliyobaki nani aliiua? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 tukagawana vichwa na mabehewa kama watoto wa urithi. Kama Namasagali ingepona mafuriko isingepona hapo.

Mtoto wa Reli Tororo

Hapo tuko pamoja kaka. Baba alirudi nyumbani 1977 na sare ya shirika ambalo halipo, pensheni aliifukuzia mpaka akazeeka. Lakini swali la mjukuu ni Namasagali, si reli yote.

OB wa Namasagali

Mjukuu umesema hutaki shule lakini bila shule hayo majengo uliyoyaona yangekuwa matofali ya nyumba za watu leo. Bandari ilipokufa kulikuwa na nyumba za maofisa, maghala, karakana, vyote vitupu, na katikati ya miaka ya sitini sekondari ikaanzishwa humo humo. Father Damian Grimes, mmisionari wa Mill Hill, akaja kuwa mkuu wa shule 1967 akakaa mpaka 2000. Sisi tulilala, tulisoma na tulicheza ndani ya mji wa reli bila kujua ni mji wa reli. Drama, dansi, ngumi, kuogelea, vitu ambavyo shule nyingine za Uganda ziliona ni uhuni, kwetu ilikuwa ratiba. Rebecca Kadaga aliyekuwa spika wa bunge alipita pale, na wengine wengi mnaowaona kwenye siasa na jukwaani. Halafu Chuo Kikuu cha Busitema kikaweka kampasi yake ya maliasili na mazingira hapo.

Nitasema kitu ambacho OB wenzangu (old boys, tuliosoma pale) hawatapenda. Sisi tulikuwa mji juu ya mji. Watoto wa wakubwa kutoka Kampala tunaingia kwa basi, tunatoka kwa basi, na kijiji kiko palepale uzioni kinatuuzia karanga na muwa. Wazee wa gati waliobaki walikuwepo, nakumbuka mmoja alikuwa anasalimia wote kwa Kiswahili safi cha pwani na sisi tunamcheka maana kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi na wezi. Sijui alikuwa nani, inawezekana alimfahamu babu yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye kumuuliza. Shule iliokoa majengo, watu haikuwagusa sana.

Mjukuu wa Serahangi

OB hilo la mwisho limenigusa, asante kwa kusema ukweli. Wa Masindi Port, nimempigia mama, anasema Stanley, halafu anasema labda Grant, ila ana uhakika kwamba babu alikuwa akirudi na samaki wa kukausha na simsim ya Lango gunia zima na jirani wote wanagawiwa. Bado sijapata jibu la tatu: watu walikwenda wapi?

Binti Mbulamuti

Kila kundi na njia yake. Wenye ajira ya kudumu shirika liliwahamisha: wengi Jinja, na kama nyinyi mlikulia Jinja nakisia ni Walukuba, zile nyumba za wafanyakazi, ndo maana mlikuwa mnasema Kiswahili na hakuna aliyeshangaa pale maana Walukuba kila kabila lipo. Wengine Tororo, wengine Kasese ambako reli ilishafika 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, wengine ndo hao wakatandike ya Gulu na Pakwach. Wahindi wenye maduka walisogea Kamuli mjini na Jinja, halafu 1972 Kaka Kampala anajua. Wakenya wengi walirudi kwao, hasa baada ya 1970 Rais Obote aliposema wafanyakazi wageni waondoke, hilo watu hulisahau wanamkumbuka Amin peke yake.

Makuli ambao hawakuwa na karatasi ndo walioumia. Hao hawakuhamishwa na mtu. Waliooa Wasoga walipewa kipande cha shamba na wakwe wakawa wakulima wa pamba ile ile waliyokuwa wanaibeba, wengine wakaingia kwenye uvuvi, wengine walivuka mto Bugerere ambako ardhi ilikuwa bado inapatikana. Ukienda vijiji vya ukingoni unakuta ukoo unasema Lusoga tupu lakini babu mkubwa ni wa Nyanza au wa Acholi. Kwetu mmoja wa hao ni shemeji.

Mwalimu wa Bugabula

Binti kasema vizuri. Niongeze kwamba uvuvi nao haukuwa kimbilio la raha, gugu maji lilipoingia Kyoga mwishoni mwa miaka ya themanini wavuvi walikuwa wanashinda siku nzima wakitafuta njia ya kutoa mtumbwi. Na mvua za El Niño za 1997 na 1998 visiwa vya mafunjo viliziba mdomo wa ziwa, mashamba ya ukingoni yakazama tena. Mara ya pili hiyo kwa familia zilezile.

Mtoto wa Reli Tororo

Mjukuu, kama unataka karatasi na si stori tu: makao makuu ya shirika yalikuwa Nairobi kwa hiyo anza na makumbusho ya reli pale Nairobi. Jinja nako kuna makumbusho ya reli kwenye stesheni ya zamani, na Kampala nyaraka za serikali ziko Wandegeya. Lakini usiende na jina tu, wenye majina kama Juma na Ali walikuwa mamia. Tafuta namba ya kazi. Iko kwenye kadi ya pensheni, kwenye beji ya shaba kama bibi aliitunza, mara nyingine nyuma ya picha ya studio. Sisi ya baba tuliipata ndani ya msahafu.

Wa Masindi Port

Na akipata muda avuke aje kwetu, kuna mzee mmoja alikuwa mpika chakula kwenye stima, bado ana akili timamu ila masikio ndo hivyo, uje na sauti kubwa. Anadai Grant ilikuwa nzuri kuliko Stanley na ukimbishia anakasirika kweli.

Mjukuu wa Serahangi

Nakuja, na mama nakuja naye, anasema huyo mzee kama alipika Stanley lazima alimlisha uji. Nianzie wapi, Namasagali kwanza au moja kwa moja Masindi Port?

Binti Mbulamuti

Namasagali kwanza, mama akiwa na nguvu. Toka Jinja panda taxi ya Kamuli asubuhi sana, mchana zinangoja zijae mtachoka. Kamuli chukueni boda mbili mpaka Namasagali, mpatane bei kabla hamjapanda, na msiende siku mvua imenyesha usiku, ile barabara ina udongo mweusi unateleza vibaya. Mkiwa na gari yenu mnaweza kurudi kwa kuvuka daraja la Isimba mtokee Kayunga, ni karibu kwa Kampala. Mkipita Mbulamuti niambieni, niwaonyeshe stesheni ilipokuwa.